Rauta ya Chake Chake na "5" isiyojieleza

Duka liko Chake Chake, upande wa Madungu. Ni steshenari kama zilivyo nyingi Pemba: mashine ya kopi, kompyuta za kujazia fomu, lamination, picha za pasi, na Wi-Fi inayouzwa kwa saa kwa vijana wa skuli. Mtandao unaingia kwa modemu ya laini ya simu, kisha unapita kwenye rauta ndogo yenye flashi (hifadhi ya kudumu) ya 8 MB na RAM ya 64 MB, iliyowekewa OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea rauta. Mwenye duka, bibi wa makamo asiyependa hesabu zisizofunga, alitaka kujua nani anammalizia bando. Fundi wake akamwambia ipo programu ya kazi hiyo, nlbwmon, inayohesabu kila kifaa kimevuta kiasi gani. Kuiteremsha na kuiweka si kazi ya hata nusu saa.

Akaingia kwenye rauta kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka kompyuta nyengine, akaandika `opkg update`, amri ya kuteremsha orodha mpya za vifurushi vya programu. Rauta ikajaribu orodha moja baada ya nyengine, zote zikagoma, na chini kabisa ikaacha mistari ya namna hii, mmoja kwa kila orodha:

`* opkg_download: Failed to download https://downloads.openwrt.org/…/Packages.gz, wget returned 5.`

Kwa ufupi: nimeshindwa kuteremsha, wget (programu ya kuteremsha mafaili) imerudisha 5. Hakuna neno jengine.

Wakati huohuo simu zote dukani zinapokea WhatsApp. Kompyuta zinafungua kurasa. Ukiwa ndani ya rauta yenyewe, `ping` inakwenda na kurudi. Yaani mashine inayowapa watu wote mtandao ndiyo pekee inayosema haiwezi kuteremsha kitu.

Fundi alikuwa na dhana yake, wala haikuwa dhana ya kijinga. Bando likimalizika, mara nyingi mtoa huduma hakati laini moja kwa moja, bali anakuelekeza kwenye ukurasa wake wa kununua. Programu inayoomba kwa https, njia salama ya kuzungumza na tovuti, hujikuta inazungumza na seva siyo, cheti (kitambulisho cha tovuti) hakilingani na jina, inakataa. Namba inayotoka hapo ni 5 vilevile. Akamwambia mwenye duka atie bando jengine.

"Mwanangu, mimi nimetia juzi tu, limekwisha lini?"

"Bi mkubwa, mashine ndiyo inayokataa. Tujaribu."

Pesa zikatoka, bando likaingia, 5 ikabaki palepale. Akabadilisha seva za DNS, zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Akabadilisha waya. Akatafuta mtandaoni akakuta ushauri unaozunguka kila pahala: ongeza `--no-check-certificate`, yaani usihakiki cheti, uendelee na maisha yako. Kwa bahati hakuufuata, akapiga picha kioo na kuituma kwenye kundi letu la mafundi. Mmoja wetu akauliza kitu ambacho hakuna mstari wowote kwenye picha ile uliokiashiria: andika `date`, inasema nini?

Ilisema Oktoba 2023. Sisi tulikuwa katika msimu wa karafuu wa 2024, majamvi yameanikwa mpaka kando ya barabara.

Saa isiyo na betri

Rauta za bei hii hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, saa inafutika. OpenWrt ina hila yake ya kujiokoa: inapowaka, hati ndogo inayoitwa `sysfixtime` inatafuta faili lililoandikwa mwisho ndani ya `/etc` na kuiweka saa kwenye tarehe hiyo. Ni afadhali kuliko kurudi 1970. Baada ya hapo `ntpd`, programu ya kurekebisha saa, inatakiwa iulize saa ya kweli mtandaoni. Dukani pale haikupata jibu hata siku moja, kwa sababu laini ile ilikuwa haipitishi UDP ya lango 123, njia ambayo maswali ya saa hupitia. Na kwa kuwa saa haikuwahi kusahihishwa tangu toleo jipya la OpenWrt liwekwe, kila faili lililoandikwa baadaye lilibeba tarehe ya uongo. Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ila kukatika kwa umeme mtaani ni habari nyengine, na kila ulipokatika rauta iliamkia uongo uleule.

Cheti cha tovuti kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vilikuwa vinadumu siku 90. Rauta inayoamini iko Oktoba 2023, ikionyeshwa cheti kilichotolewa miezi mingi baadaye, inakiona ni cheti ambacho hakijaanza kutumika. Inakikataa, na kwa elimu iliyo nayo iko sahihi kukataa. Simu za wateja hazikuhusika kwa sababu kila simu ina saa yake.

Kwa nini zamani ilikuwa inakubali? Kabla ya hapo rauta ilikuwa na OpenWrt 19.07, ambayo ilichukua orodha za vifurushi kwa http ya kawaida na kuzihakiki kwa saini ya `usign`. Saini hiyo haina habari na tarehe. Kuanzia toleo la 21.02, lililotoka 2021, https imo ndani tangu mwanzo, na 23.05 inaifanya kwa maktaba (kodi tayari inayotumiwa na programu nyengine) ya mbedTLS. Kwa hivyo saa mbovu ilikuwapo siku zote, haikumdhuru mtu mpaka fundi alipofanya jambo jema la kuweka toleo jipya.

Hapo kisa kingeweza kufungwa: saa mbaya, irekebishe, endelea. Mimi sikutaka kukifunga hapo. Tatizo la saa ni la kawaida kabisa. Kilichokula pesa ya bibi yule ni kwamba mashine ilijua sababu tangu mwanzo, na njiani sababu ikatupwa.

Nani alijua nini

Tuanze chini kabisa. mbedTLS inapohakiki cheti haitoi jibu la ndiyo au hapana tu. Inajaza alama, biti moja kwa kila kasoro. Cheti kilichokwisha muda kinawasha 0x01. Ambacho hakijaanza kinawasha 0x0200. Ni alama mbili tofauti, hazichanganyiki. Maktaba ina hata sentensi ya kila alama. Ya hii ni "The certificate validity starts in the future", uhalali wa cheti unaanza siku zijazo. Mtu yeyote akiisoma hiyo, hata asiyejua TLS ni mnyama gani, ataangalia saa.

Ila mbedTLS imetengenezwa kwa ajili ya vifaa vidogo, na inamruhusu anayeijenga kuyaondoa maneno hayo. Ipo `MBEDTLS_X509_REMOVE_INFO`, inayotupa sentensi za vyeti. Ipo `MBEDTLS_ERROR_C`, ambayo ukiizima makosa yote yanabaki namba tupu. Sina ugomvi na swichi hizo. Kuna vifaa ambavyo havina kioo wala mtu wa kusoma.

Juu ya maktaba imekaa `uclient-fetch`, ambayo ndiyo inayoitikia jina la `wget` kwenye OpenWrt. Hii inagawa mambo kwa upana zaidi. Ina sentensi "Invalid SSL certificate" kwa cheti kisichokubalika, na sentensi nyengine, "Server hostname does not match SSL certificate", kwa jina la seva lisilolingana na cheti. Yaani saa mbovu na ukurasa wa bando vinatengana hapa. Kwenye namba ya kutokea, hata hivyo, vyote viwili vinarudi 5. Utaratibu huo wa namba unafuata wa GNU Wget: 4 ni mtandao, 5 ni uhakiki wa cheti, 8 ni seva kujibu kwa kosa.

Halafu `opkg`. Yenyewe haiteremshi kitu, inamtuma `wget`, na inamtuma na `-q`, nyamaza. Anayetumwa kimya anarudi na namba tu. `opkg` ikiona namba ni 4 inaongeza mstari wa ushauri, angalia mipangilio ya mtandao wako. Ikiona 5 haina la kuongeza.

Hesabu sasa kilichobaki. Chini kulikuwa na sababu kamili. Katikati ikabaki nusu ya sababu, ila bado nusu yenye faida, kwa sababu fundi angeona "Invalid SSL certificate" badala ya ile ya jina, dhana ya bando ingekufa hapohapo. Juu ikabaki tarakimu.

Ukitafuta pa kuisingizia nafasi ndogo, hupati. Zile sentensi mbili za `uclient-fetch` zimo ndani ya flashi ya rauta ile. Baiti zake zimeshalipwa. Hazikuonekana kwa sababu ya `-q`, si kwa sababu ya 8 MB. Watu wa programu ndogo wamezoea kusema "hatuna nafasi ya maneno", na mara nyingi ni kweli, lakini hapa maneno yalikuwapo, yamefungwa mdomo.

Na `-q` ilikuwa na nia njema. `opkg` inateremsha orodha kadhaa mfululizo. Kama kila moja ingechora mstari wa asilimia, kioo kingejaa takataka. Kosa ni kuweka vitu viwili chini ya swichi moja: kunyamaza juu ya maendeleo, na kunyamaza juu ya kushindwa. `curl`, programu nyengine ya kuteremsha, imevitenganisha. Ukiipa `-s` inanyamaza yote, ukiipa `-sS` inanyamaza inapofanya kazi na inasema inaposhindwa. GNU Wget nayo ina `-q` ya kufunga kila kitu, na `-nv` ya kupunguza kelele huku makosa yakibaki. Tofauti hiyo haigharimu maneno mapya, inagharimu `if` moja au mbili.

Bei ya baiti

Nisiwaonee wanaohesabu baiti, maana historia iko upande wao. Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Unix, alipoandika kihariri cha maandishi `ed`, 1969, alikuwa kwenye kompyuta ya PDP-7 yenye kumbukumbu ya maneno elfu nane ya biti 18. Watumiaji wa miaka ile walikaa mbele ya mashine za Teletype zinazopiga herufi 10 kwa sekunde. Ukikosea, `ed` inajibu `?`, alama moja, na hapo imemaliza. Sentensi ndefu ingekula kumbukumbu na ingekuweka mkao wa kusubiri karatasi ipigwe. Lakini `ed` za baadaye ziliongeza kitu ambacho nadhani ndicho cha kuigwa: amri `h`. Kosa linabaki `?`, ila ukiandika `h` linaelezwa lile la mwisho. Programu inakaa kimya lakini haijasahau.

BusyBox, ambayo ndiyo inayotoa amri nyingi za OpenWrt, ikiwemo ile `ntpd`, ilianzwa na Bruce Perens 1995 ili mfumo wa Debian wa kuanzishia ukae kwenye flopi moja ya 1.44 MB. Hadi leo orodha yake ya kujengea ina swichi za kukata maneno. Iliyo maarufu ni ya maelezo marefu ya `--help`: maelezo ya swichi hiyo yenyewe yamekuwa yakisema kwamba katika mpangilio wa kawaida inaongeza kama 13k. Ipo nyengine inayoyabana maelezo hayo kwa bzip2 na kuyafungua pale tu mtu anapoyaomba. Huo ni ustadi wa hali ya juu.

Hapo ndipo pa kukata. Maelezo ya `--help` ni yaleyale kila siku, kwenye kila rauta duniani. Fundi wa Chake ana simu mfukoni. Akitaka kujua `-D` ya `date` inafanya nini, atasoma huko. 13k hizo ziondoke, hakuna atakayelia. Sababu ya kushindwa ni jambo jengine kabisa. Kwamba cheti hiki, kwenye mashine hii, kwa saa iliyo nayo, hakijaanza: habari hiyo haipo mtandaoni, haipo kitabuni, imo ndani ya programu kwa sekunde chache na programu ikifunga inapotea. Anayekata maneno bila kutenganisha haya mawili anatupa kisichopatikana kwengine pamoja na kinachopatikana kila pahala.

Na ukubwa wake ni kiasi gani? Sentensi ile ya mbedTLS haifiki baiti 50. Mfumo mkuu wa OpenWrt umebanwa ndani ya SquashFS kwa xz, na maandishi ya Kiingereza hubanika vizuri. Juu ya hapo, eneo la kuandikia data linaanzia kwenye mpaka wa bloku ya flashi (kipande kinachofutwa kwa pamoja), na kwenye chipu za aina hii bloku huwa ni 64 KB. Ukiongeza sentensi moja, mara nyingi nafasi ya mtumiaji haipungui hata baiti, kwa sababu ulikuwa ndani ya masazo ya bloku ya mwisho. Siku utakayovuka mpaka utapoteza 64 KB kwa mkupuo. Anayelinda ukubwa analijua hilo, na anajua kwamba kila mwenye sentensi yake anakuja na hoja ya "yangu ni ndogo tu". Rauta za 4 MB ziliachwa nyuma kwa njia hiyo hiyo, kidogo kidogo, na kuanzia 21.02 kiwango cha chini kikawa 8 MB na RAM ya 64 MB. Kwa hivyo anayesema "ongezeni maneno" bila kusema maneno gani hatusaidii.

Maneno yenyewe yawe ya kueleza kilichoonekana, si ya kutoa ushauri. Chukua mfano `opkg` ingeongezewa, kwa kila 5, mstari wa "angalia saa". Kwa duka hili ungekuwa uponyaji. Kwa duka la jirani ambalo bando limekwisha kweli na rauta inaonyeshwa ukurasa wa mtoa huduma, ungempeleka fundi kwenye saa iliyo sahihi na kumpotezea asubuhi nzima. Ule mstari wa 4, angalia mipangilio ya mtandao, una ugonjwa huohuo: unazungumza na mtumiaji kana kwamba umeona mipangilio yake, na haujaiona. Ushauri ni kubahatisha kwa niaba ya mtu. "Cheti hakijaanza, saa yangu inasema Oktoba 2023" si kubahatisha, na ni fupi kuliko ushauri.

Jambo moja linachekesha kidogo. Ukifungua LuCI, ukurasa wa mipangilio wa rauta, saa ya mashine imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Habari ilikuwapo mbele ya macho, ila hakuna kilichoiunganisha na kosa, na mtu aliyeingia kwa SSH hapiti huko.

Walichofanya

Kwanza `date -s` kwa mkono. `opkg update` ikapita mara moja, nlbwmon ikaingia.

Kisha wakatafuta kwa nini `ntpd` imenyamaza muda wote huo. Kwenye `logread`, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo, hakikuonekana kitu. Ikiendeshwa kwa mkono, `ntpd -n -d -q -p` na jina la seva, ikaanza kusema: inatuma swali, inatuma tena, na tena, majibu hakuna. Kwa dakika moja ya maneno ikajulikana kwamba lango 123 halipiti. Ni programu ileile, ina maneno ya kutosha, ila hayatoki mpaka uombe, na uombe ukiwa tayari unashuku saa.

Mtoa huduma hakubembelezeka. Fundi akaweka hati ndani ya `/etc/hotplug.d/iface`: laini ikishapanda, inatuma ombi la HEAD (la kichwa cha jibu tu, bila ukurasa) kwa `nc`, programu ndogo ya kuunganisha mtandao, kwenye lango 80 la tovuti moja, inachukua mstari wa `Date:` kwenye jibu, na kuiweka saa kwa `date -D`. Nilimkumbusha kwamba tarehe ya http inaweza kughushiwa na yeyote aliye katikati ya njia, kwa hivyo hati inakubali kusogea mbele tu, hairudi nyuma. Hatari inayobaki ni ndogo, kwa sababu orodha za vifurushi bado zinahakikiwa kwa `usign`, saa iwe vyovyote itakavyokuwa.

Jengine aliloliandika kwenye karatasi na kulibandika ndani ya kabati la rauta: ukiona "wget returned" na namba yoyote, usiirudie `opkg`. Mwite `wget` mwenyewe, bila `-q`, kwa anwani ileile, `-O /dev/null`. Atasema.

Tawi kuu la OpenWrt limehama kutoka `opkg` kwenda `apk`, programu nyengine ya kuweka vifurushi, tangu Novemba 2024, kwa hivyo rauta mpya zitakuwa na ujumbe wa namna nyengine. Zilizopo madukani, kwa jinsi tunavyovitumia vifaa vyetu mpaka viungue, zitabaki na `opkg` kwa miaka.